Meno manne mazima, na swali ambalo sikumtafsiria mama

Mwaka 2003 nilikuwa na miaka 13, nimelala kwenye kiti cha daktari wa meno hapa Uingereza, mdomo wazi, taa usoni. Mama amekaa pembeni, mkoba mapajani. Daktari akaeleza kwamba meno yangu yamebanana na ya mbele yametokeza. Kabla ya kufungwa waya, ingebidi magego madogo manne yang'olewe, yale yanayokaa nyuma ya chonge: mawili juu, mawili chini. Kisha akaniambia mimi: mweleze mama.

Kama umekulia kwenye nyumba kama yetu, kazi hii unaijua. Benki, shule, hospitali, barua za serikali, mkalimani ni mtoto. Nikamwambia mama kwamba watatoa meno manne halafu wataweka waya. Akaniuliza, "Mabovu?" Nikasema hapana, mazima. Akanyamaza kidogo.

"Basi muulize, mwanangu, jino zima linang'olewaje? Kwani Mungu kayazidisha? Na hiyo nafasi yake itakuwaje?"

Sikuuliza. Niliona haya, na nilizitaka zile waya kwa sababu nusu ya darasa walikuwa nazo. Nikamgeukia daktari nikamwambia mama amekubali. Mama akasaini.

Sasa, baada ya kile kipindi chetu cha kukoroma, binamu yangu wa Muscat kanitumia video. Dada mmoja wa Marekani anasema kung'olewa magego madogo utotoni kumeibana njia yake ya hewa, na ndiyo maana usiku pumzi inamkatika. Chini yake binamu kaandika, "Si na wewe walikung'oa?" Mume wangu akacheka, maana yeye ndiye anayenisikia nikikoroma. Mi sikucheka.

Mimi ni mhasibu, si daktari. Lakini nilikaa wiki kadhaa nasoma, na nilichokikuta kimenishangaza. Lile swali la mama lilikuwa limewagawa mabingwa wa meno kwa zaidi ya miaka mia moja.

Dai lenyewe

Dai la kwenye video ni rahisi kulielewa. Ukitoa gego dogo moja kila upande, juu na chini, unapata nafasi ya kama milimita 7 kila sehemu. Waya zinaifunga ile nafasi, na mara nyingine zinafanya hivyo kwa kuvuta meno ya mbele kuja nyuma. Upinde wa meno unakuwa mfupi. Ulimi haujapungua, ila chumba chake kimepungua. Kwa hiyo, wanasema, ulimi unarudi nyuma kuelekea koromeo, na ukilala misuli ikalegea, unaziba njia.

Hoja inaingia akilini, ndiyo maana inasambaa. Ila hoja kuingia akilini ni jambo moja, na kuthibitika ni jambo jingine. Historia ya fani hii imejaa hoja zilizoingia akilini.

Angle na fuvu lake

Mtu wa kuanza naye ni Edward Angle, aliyezaliwa Pennsylvania mwaka 1855. Wengi humwita baba wa fani ya kisasa ya kupanga meno. Mwaka 1899 alitoa mfumo wa kugawa makosa ya mkumano wa meno katika makundi matatu, na daktari akikwambia leo kwamba wewe ni "kundi la pili", anatumia hesabu ya Angle. Mwaka 1900 akafungua shule ya fani hii St. Louis.

Mwanzoni na yeye aling'oa meno ili kupata nafasi. Lakini kufikia toleo la saba la kitabu chake, mwaka 1907, alikuwa amegeuka kabisa. Msimamo wake mpya ulikuwa kwamba kila mtu ameumbiwa meno yake yote, na uso hauwezi kuwa na uwiano mzuri kama mengine yameondolewa. Alikuwa na fuvu alilolipa jina la Old Glory, ambalo Wamarekani hulitumia kuiita bendera yao. Meno ya fuvu lile yalikuwa kamili na yamekaa sawasawa, na hicho ndicho kilikuwa kipimo chake. Aliamini pia kwamba mfupa hufuata kazi: yapange meno vizuri, yatafune, na taya litaota kuyazunguka.

Ukiitoa ile lugha ya kitaalamu, hoja ya Angle ni ya mama yangu: aliyeumba hakukosea idadi.

Aliyempinga hadharani ni Calvin Case wa Chicago. Mwaka 1911, mbele ya mkutano wa chama cha kitaifa cha madaktari wa meno, Case alisema kwamba kung'oa kusiwe mazoea, ila kuna sura ambazo ukibakiza meno yote, midomo inasukumwa nje na meno hayatulii. Akaongeza kwamba urithi una nguvu, na mfupa hautaota kwa sababu tu daktari anataka uote. Martin Dewey, aliyekuwa mwanafunzi wa Angle, akamjibu kwa ukali. Ubishi uliendelea kwenye majarida, lakini upande wa Angle ndio ulioshinda. Kwa muda wa kama miaka 30, kung'oa meno ili kuyapanga kukawa karibu mwiko Marekani.

Mwanafunzi aliyegeuka

Mwiko ulivunjwa na mtu wa ndani. Charles Tweed alisoma kwa Angle mwenyewe mwishoni mwa miaka ya 1920, akaenda kufungua kliniki Tucson, Arizona. Aliapa kufuata njia ya mwalimu wake: meno yote yabaki.

Baada ya miaka kadhaa akaanza kuwatazama wagonjwa wake wa zamani na hakupenda alichokiona. Kwa wengi meno yalikuwa yamerudi kubanana, na kwa wengine midomo imesukumwa mbele. Tweed akafanya jambo ambalo wataalamu wachache wanalithubutu: akawaita tena. Aliwang'oa magego madogo manne, akawapanga upya, bila malipo. Mwaka 1936 alipoyaeleza haya mbele ya wafuasi wa Angle, aliyekwisha fariki mwaka 1930, walimshambulia kama msaliti. Mwaka 1940 akarudi na kumbukumbu za wagonjwa 100 waliotibiwa mara mbili, kwanza bila kung'oa, kisha kwa kung'oa. Picha na meno ya plasta viliwekwa mezani, kila mtu ajionee.

Halafu mwaka 1954, Raymond Begg wa Adelaide, Australia, na yeye mwanafunzi wa Angle, akaleta sababu nyingine. Alikuwa amechunguza meno ya wenyeji wa asili wa Australia, ambao chakula chao kigumu kiliyasaga meno pande zote, hata pale jino linapogusana na jirani yake. Meno yaliyosagika yanahitaji nafasi ndogo. Sisi tunaokula vyakula laini, alisema, meno yetu hayasagiki, ndiyo maana hayatoshi, na daktari akiondoa manne anafanya kazi ambayo zamani ilifanywa na chakula.

Kwa hiyo mlango ukafunguka. Kwenye kliniki ya Chuo Kikuu cha North Carolina waliweka hesabu kwa miaka 40. Mwaka 1953, asilimia 30 ya wagonjwa wa kupangwa meno walikuwa wanang'olewa. Mwaka 1968 walikuwa asilimia 76. Robo tatu!

Sura ya nani?

Hapa nilisimama, kwa sababu panatuhusu sisi moja kwa moja.

Kuanzia mwaka 1931 kulikuwa na picha za eksirei za kichwa kwa upande, zinazopigwa kwa kipimo maalumu. Daktari aliweza kuchora mistari na kupima pembe: meno ya mbele yamelala kiasi gani, kidevu kiko wapi. Tweed alitaka meno ya chini ya mbele yasimame karibu wima juu ya mfupa wa taya, nyuzi 90 hivi. Uchambuzi maarufu wa William Downs wa mwaka 1948 ulitokana na vijana 20 wenye meno mazuri, wote Wazungu.

Vijana 20. Halafu vipimo vya namna hiyo vikasambaa duniani kama kawaida ya binadamu.

Sasa fikiria mtoto mwenye asili ya Afrika Mashariki anapopimwa kwa rula hiyo. Mwaka 1989 mtafiti Sunil Kapila alichapisha vipimo vya watoto wa Kikikuyu nchini Kenya, na meno yao ya mbele yalielekea mbele zaidi kuliko kwenye vipimo vya Wazungu. Tafiti za Wamarekani weusi nazo zilikuwa zimeonyesha hivyohivyo. Yaani kwa rula ya Downs, mtoto mzima asiye na kasoro anaweza kuonekana "ametokeza", na dawa ya kutokeza ilikuwa kung'oa manne na kuvuta nyuma.

Sisemi kwamba hicho ndicho kilichonipata mimi. Meno yangu yalibanana kweli, picha za shule zipo. Lakini lile neno "yametokeza" nililibeba miaka mingi kama ugonjwa, na hakuna aliyeniambia kwamba inategemea unapimwa kwa sura ya nani.

Pendulamu inarudi

Ile asilimia 76 ya North Carolina ilishuka mpaka 28 kufikia mwaka 1993. Hakuna jambo moja lililoishusha.

Kwanza, ahadi ya Tweed ya meno kutulia haikutimia. Mwaka 1981 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, waliwafuatilia watu 65 waliong'olewa magego madogo manne. Miaka 10 baada ya kuacha kuvaa vibakizi, karibu theluthi mbili meno yao ya chini yalikuwa yamebanana tena kwa kiwango kisichoridhisha. Kung'oa au kutong'oa, meno yanatembea.

Pili, mahakama. Mwaka 1987 huko Michigan mgonjwa alishinda kesi, akapewa mamia ya maelfu ya dola, akidai kung'olewa magego madogo kumemharibia kiungo cha taya. Tafiti zilizofuata hazikuonyesha kwamba kung'oa kunaleta maradhi ya kiungo hicho. Ila madaktari walikwisha ogopa. Na tatu, ladha ilibadilika: watu walianza kupenda midomo iliyojaa, na vifaa vipya vikarahisisha kupanua upinde wa meno.

Tazama mpangilio wa kesi ya Michigan: hofu kwanza, ushahidi baadaye. Utaukuta tena sasa hivi.

Pumzi inaingia

Kwenye video utadhani madaktari wa meno hawajawahi kufikiria pumzi mpaka juzi. Si kweli. Katika miaka ya 1860 mchoraji Mmarekani George Catlin, aliyeishi kati ya wenyeji wa asili wa Marekani, alichapisha kitabu kizima akiwahimiza watu wafunge midomo na wapumue kwa pua. Mwaka 1868 Wilhelm Meyer wa Copenhagen alieleza zile nyama za nyuma ya pua zinazowafanya watoto wapumue kwa mdomo. Angle mwenyewe, mwaka 1907, aliandika kwamba kati ya sababu zote za meno kukaa vibaya, kupumua kwa mdomo ndiyo kubwa.

Lakini angalia mshale unakoelekea. Kwa Angle, pumzi inaharibu meno. Video inasema kinyume: kazi ya meno inaharibu pumzi. Hayo ni madai mawili tofauti, na ushahidi wa la kwanza hauwi ushahidi wa la pili.

Dai la pili lisingeweza hata kuulizwa zamani, kwa sababu ugonjwa wenyewe haukuwa na jina. Kukatika pumzi usingizini kulipimwa na kuelezwa na watafiti wa Ufaransa na Ujerumani mwaka 1965. Christian Guilleminault na wenzake wa Stanford ndio waliolieneza jina la apnia ya usingizi katikati ya miaka ya 1970. Mashine ya kusukuma hewa puani ilitangazwa na Colin Sullivan wa Sydney mwaka 1981. Wakati Tweed anang'oa, hakuna aliyewapima wagonjwa wake wakiwa wamelala.

Mwaka 2016 Guilleminault alishiriki kuandika kuhusu watoto waliokosa meno, wengine kwa kuzaliwa hivyo, wengine kwa kung'olewa, waliokuwa na apnia. Ni mtu mzito, na maandishi yake yanatajwa sana. Ila lilikuwa kundi dogo, la watoto ambao tayari walikuwa na dalili. Ukitafuta wenye kikohozi hospitalini utawapata. Hilo halikuambii kilichowakohoza.

Mwaka 2015 watafiti wa Minnesota walipitia kumbukumbu za watu wazima 5,584. Nusu yao walikosa gego dogo moja kila sehemu, nusu walikuwa nayo yote. Waliogundulika kuwa na apnia walikuwa kama mmoja kati ya kumi kwa kila kundi, na tofauti ndogo iliyokuwepo haikuwa na uzito wa kitakwimu. Utafiti huo una udhaifu wake: haukujua kila jino lilitoka kwa sababu gani, na watu wengi wana apnia bila kupimwa. Lakini kama kung'oa kungekuwa sababu kubwa, ungetarajia pengo la wazi kati ya makundi mawili makubwa namna hiyo.

Kuna pia tafiti za skani za pande tatu. Baadhi, hasa za watu wazima ambao meno yao ya mbele yalivutwa sana nyuma, zimeona koromeo kupungua kidogo. Nyingine hazikuona mabadiliko. Na skani ni picha ya mtu aliye macho kwa sekunde chache. Ukimeza mate au ukiinua kidevu, kipimo kinabadilika. Tena, kama meno yalibanana sana, ile nafasi huliwa na meno yenyewe yakijipanga, na ya mbele hayarudi nyuma kwa kiasi kikubwa.

Mwaka 2019 chama cha wataalamu wa kupanga meno cha Marekani kilitoa waraka baada ya jopo lake kupitia ushahidi uliopo. Hitimisho: hakuna ushahidi kwamba kung'oa meno kwa ajili ya kuyapanga kunasababisha apnia ya usingizi. Utasema wanajitetea, na una haki ya kuwa na shaka. Lakini anayekuuzia kifaa cha kupanua taya kwa maelfu ya pauni na yeye ana maslahi yake.

Kwa hiyo kwa ushahidi wa leo, naamini dai la video halijathibitika. Halijafungwa kabisa pia, hasa kwa mtu mwenye taya dogo ambaye meno yake ya mbele yamevutwa sana. Na hofu hii ikienea kupita kiasi, kuna watoto watakaosukumiwa meno nje ya mfupa na fizi kushuka, kwa sababu tu mzazi ameogopa kung'oa.

Nilipomwambia mama

Mimi nilipimwa. Walinipa kifaa cha kuvaa kidoleni na puani nilale nacho nyumbani usiku mmoja. Jibu lilikuwa apnia ndogo. Nikamuuliza daktari wa usingizi, je, ni yale meno? Akasema hawezi kujua. Nimeongezeka uzito baada ya mtoto wa pili, pua yangu imebanwa upande mmoja, na baba yangu alikoroma maisha yake yote na meno yake yalikuwa 32. Kanipa dawa ya pua na mpango wa uzito, tutapima tena.

Ningependa jibu la uhakika, la kumlaumu mtu. Sijalipata. Nilichopata ni kujua kwamba mwaka 2003, kwenye chumba kile, palikuwa na swali halali ambalo Angle, Case na Tweed waligombana kwalo, na aliyeliuliza ni mwanamke aliyeishia darasa la saba. Daktari huenda angekuwa na jibu zuri. Lakini hakulisikia swali, kwa sababu mimi nililimeza.

Mwezi uliopita nilimwambia. Nilikaa naye jikoni nikamweleza kwamba sikumuuliza daktari alichosema. Mama aliendelea kuchambua mchele.

"Nilijua," akasema. "Mimi nilisema maneno mengi, wewe ukamwambia mawili."

Nikamuuliza, basi mbona ulisaini? Akasema, "Nilidhani wewe unajua zaidi. Ulikuwa unasoma shule yao."

Nilikuwa na miaka 13.

Kama una mtoto au mdogo wako anayetaka kufungwa waya, au ndiyo wewe unayekwenda na mzazi kumtafsiria, maswali ni haya. Nafasi inahitajika kiasi gani, na kwa milimita ngapi? Meno ya mbele yatavutwa nyuma, au nafasi italiwa na kubanana? Vipimo vyenu vya sura vimetoka kwa watu gani? Tusipong'oa, nini kitatokea kwa fizi na mfupa? Mtoto anakoroma, anapumua kwa mdomo, anaamka amechoka? Na ombeni mkalimani mtu mzima, mtoto asibebeshwe.

Na kama wewe uliyeng'olewa zamani unakoroma, unashtuka usiku ukitafuta pumzi, au unasinzia mchana kwenye basi, nenda kapimwe. Usisubiri kujua kama ni meno. Apnia inatibika hata kama chanzo chake hakijulikani.

Kipindi kijacho tunataka sauti zenu: ni neno gani la mzazi ulilolimeza kwenye tafsiri? Turekodie dakika moja, kwa Kiswahili chako hichohicho.